Tone Chini ya Barua

3 Februari

Shikamoo Baba Mkubwa,

Mimi mzima, ila kidole gumba kimepoteza kucha, nilikibana na boneti wiki iliyopita. Usimwambie Mama Mkubwa, maana atanitumia dawa ya kuchua kwa posta na itavuja kama ile ya mwaka jana. Mpe shikamoo yangu. Niambie mguu wake unaendeleaje, na kama yule paka wa jirani bado analala kwenye kiti chako. Nilipiga simu kwa mama wa duka la dawa, akaniambia umefunga gereji siku tatu mfululizo, eti umechoka. Wewe uchoke? Sikumwamini.

Sasa nisikie. Gari tulilonalo hapa ni la michezo, jekundu, milango miwili, silinda sita. Limetengenezwa kwa ajili ya barabara, lakini sisi kila Jumamosi tunalipeleka kwenye uwanja wa mbio na kulikamua mpaka breki zinanuka. Mwenye gari ni daktari wa meno, na sote tunamwita hivyo hivyo, Daktari wa Meno, kwa sababu hata akitazama injini anainama na kukunja uso kama anatafuta jino bovu. Kitabu cha gari kinasema tuweke oili ya 5W-30. Ndiyo tunayoweka. Lakini tukiwa uwanjani joto la oili linafika digrii mia na thelathini na nane, na injini ikifika mizunguko elfu saba kwa dakika, presha ya oili inanipa paundi arobaini na nane tu. Usiku silali.

Kila mtu hapa ana namba yake mdomoni. Daktari wa Meno kasoma kwenye gazeti kwamba oili nyepesi inafanya gari liwe jepesi, basi hasikii la mtu. Fundi wa gereji ya pili anaapa kwa 60. Mimi ndiye mkuu wa mafundi, mwanamke wa kwanza kushika kazi hii hapa, na wote wananikodolea macho nikosee. Namba ninayoiamini ni yako tu.

Dereva wetu hajambo. Anakula, analala, anabishana. Sisemi zaidi, najua hutaki.

Tone liko chini, mahali pake, kama ulivyonifundisha: kijiti cha kupimia oili kikiwa bado cha moto, tone moja, lisipulizwe, likauke lenyewe. Nisomee.

Mwanao,
Spana


16 Februari

Marahaba Spana,

Kucha itaota. Mwambie Daktari wako wa Meno akupe ganzi, si ndiyo kazi yake? Mama yako Mkubwa anakusalimu, mguu wake unamsumbua anapopanda ngazi tu. Paka wa jirani amezaa watoto wanne kwenye kiti changu, kwa hiyo sasa mwenye nyumba anakaa kwenye ndoo. Sikio la kushoto limefunga kazi kabisa. La kulia linasikia ukipiga kelele, ila kwenye simu nasikia nyuki tu, kwa hiyo endelea kuandika. Jana mtu kaniletea gari, kaliwasha, nikaweka kiganja juu ya injini nikamwambia silinda ya pili haichomi. Kafungua, kakuta ni kweli. Mkono unasikia, binti yangu.

Tuje kwenye oili. Namba ya kwanza, yenye dabliu, ni ya asubuhi injini ikiwa baridi. Namba ya pili ni ya injini iliyochemka. Watu wanabishana 30 nyepesi, 50 nzito, kama wanachagua viatu. Wajiulize kwanza: nyepesi au nzito ikiwa moto kiasi gani? Asali ya kabatini na asali iliyoachwa juani ni asali ile ile, lakini moja unaichota na nyingine inakukimbia. Gari la kwenda kazini na kurudi, oili yake inacheza kwenye digrii mia, na hapo 30 inatosha kabisa, aliyeandika kitabu hakukosea. Ila hakuandika kwa ajili ya watu kama nyinyi. Kwenye mia na thelathini na nane hiyo 30 imekuwa maji, na chuma kinaanza kugusa chuma.

Kanuni yangu unaijua, paundi kumi za presha kwa kila mizunguko elfu. Elfu saba inataka sabini, na wewe una arobaini na nane. Weka 40 kwanza, mliendeshe gari Jumamosi moja, uandike namba. Isipofika, weka 10W-50. Usirukie 60. Anayekuambia 60 injini yake imeshalegea, anaziba mwanya kwa uzito. Oili nzito kupita kiasi asubuhi inachelewa kufika juu, inajichemsha yenyewe, na inakupa presha nzuri kwenye geji wakati haipiti inapotakiwa kupita. Geji inaweza kukudanganya ukiwa unaitazama.

Sasa nijibu swali moja, na unijibu kabla hujafungua kopo lolote. Mshale wa presha unashuka kila mahali, au unashuka kwenye kona? Kama ni kwenye kona, usiniulize namba tena. Hapo oili inakimbilia upande mmoja wa bakuli la chini ya injini, pampu inabaki inavuta hewa, na hewa haina namba. Utatoa injini, utafungua bakuli, utachomelea vizuizi vya bati ndani ili oili isikimbie. Ni kazi ya wiki mbili na haina njia ya mkato.

Tone nimelisoma. Linanuka petroli kidogo. Badilisha oili kila mnapotoka uwanjani.

Kuhusu dereva wako, sina swali.

Baba yako Mkubwa


12 Machi

Shikamoo Baba Mkubwa,

Natumaini mmiliki wa kiti amekurudishia kiti chako. Kucha imeanza kuota, ina sura mbaya. Nimepata chumba kingine, kina dirisha linalotazama ukuta, lakini maji yanatoka kila siku. Mwambie Mama Mkubwa kitambaa alichonishonea ndicho pazia.

Nilifanya ulivyosema. Na 40 nilipata hamsini na nane. Na 10W-50 nimepata sitini na tisa, kwenye njia iliyonyooka mshale umekaa kimya kama umepigiliwa msumari. Fundi wa gereji ya pili kaja kuchungulia, karudi kwake. Daktari wa Meno kanipa mkono. Nilikushukuru kwa sauti, nikiwa peke yangu chini ya gari.

Tarehe saba Aprili kuna mashindano makubwa. Wakuu wa timu moja kubwa wanakuja kumtazama Mbishi. Nimeandika jina lake, nisamehe, kalamu imeteleza. Daktari wa Meno ametuambia wazi kwamba gari lisipoingia uwanjani siku hiyo, analiuza na gereji anaifunga. Mbishi ananyoa, anakimbia asubuhi, ameacha hata kubishana. Juzi alinikuta nimesimama natazama injini, akanishika mkono akaniambia, "Dada, safari hii tu, usiniharibie." Ni mara ya kwanza namsikia akiomba kitu.

Tone liko chini, Baba Mkubwa. Nimeliweka leo. Sitasema kitu juu yake. Lipeleke dirishani, uiinamishe karatasi kwenye mwanga kama ulivyokuwa ukinifanyisha nikiwa sifikii hata meza ya kazi. Ukisema simama, nasimama siku hiyo hiyo, gari likae, wanifukuze. Ukisema endelea, tunaendelea. Nimejiapiza kufuata neno lako. Nijibu upesi. Tafadhali sana, upesi.

Spana


23 Machi

Marahaba Spana,

Sote wazima. Paka hajahama. Mvua imevujia kwenye kabati la spana nikakaa siku nzima nazifuta moja moja.

Nimeliangalia. Safi. Rangi nzuri, halina petroli, 50 imekaa. Endelea.

Hukunijibu kuhusu kona, usifikiri sikuona. Lakini kama kona ingekuwa na shida tone lingesema, na tone halikusema. Basi.

Ukiona mistari yangu inapandana, ni meza hii mbovu.

Mwambie dereva afunge mkanda.

Baba yako Mkubwa


11 Aprili

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mama wa duka la dawa atakuwa amewaambia: ameumia, yuko hai. Ndicho nilichoweza kusema kwenye simu ya dukani, nyuma yake watu wakiulizia dawa za kikohozi. Yanayobaki siyo ya dukani.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya wodi. Ukuta una rangi ya kijani mpaka usawa wa bega, na kuna tundu la msumari ambalo nimelitazama siku nne.

Ilikuwa raundi ya kumi na moja, kwenye ile kona ndefu ya kulia isiyo na mwisho. Alikuwa wa pili. Nilikuwa kwenye ukuta wa mafundi na saa mkononi. Nikasikia injini inagonga, kama mtu anabisha mlango wa bati, mara tatu, halafu kimya. Ikakwama pale pale. Magurudumu ya nyuma yakajifunga, gari likageuka, likaenda ukutani kwa ubavu wa dereva. Nilikimbia. Sikumbuki kukimbia, nakumbuka tu nimefika na saa bado inahesabu mkononi mwangu.

Nyonga imevunjika. Mguu wa kushoto umesagika chini ya goti. Jana amefungua macho. Daktari wa hapa, siyo wa meno, anasema tungoje.

Sasa nisikilize. Tone la tarehe kumi na mbili lilikuwa linameta. Nililiona kabla halijakauka, chembe ndogo ndogo za chuma cha beringi, ukiinamisha karatasi zinawaka. Na mshale ulikuwa unashuka kwenye kona ile ile ya kulia, kila raundi, sekunde nzima, mpaka sifuri. Na 30 ulishuka, na 40 ulishuka, na 50 ulishuka. 50 iliupandisha kwenye njia iliyonyooka tu, ikanituliza roho. Uliponiuliza sikukujibu kwa sababu nilijua utasema nini. Ungesema toa injini, wiki mbili, na mpaka jibu lako linifikie, wiki mbili tulikuwa hatuna tena.

Nilishindwa kusimamisha gari mwenyewe, Baba Mkubwa. Nilishindwa kumtazama usoni nimwambie basi. Nilitaka useme wewe. Nilitaka niende kwake na barua mkononi nimwambie, siyo mimi, ni baba yako. Ndiyo maana nikaliacha tone liseme. Niliposoma "safi" nilisimama uani na barua yako nikacheka kwa furaha, unaelewa? Nikajiambia labda macho yangu yananidanganya, labda yeye anajua kitu nisichokijua. Nililiona kwa macho yangu na bado nikakuamini wewe.

Nakuuliza kwa adabu zote ulizonilea nazo. Uliona nini kwenye lile tone?

Spana


20 Aprili

Spana,

Sikuona kitu.

Mtoto wa jicho, yote mawili, mwaka wa pili sasa. Mwanga wa dirisha naona. Mtu akisimama mlangoni naona ukubwa wake. Tone sioni, kalamu hii sioni, naandika kwa kulaza rula kwenye karatasi na kuisogeza. Meza haina ubovu wowote. Walitaka kunipasua nikakataa, niliogopa, nikawaambia nina kazi nyingi. Gereji naifunga siku ambazo hata boliti siipati kwa vidole. Barua zako anazisoma Mama yako Mkubwa, anapiga kelele kwenye sikio la kulia mpaka majirani wote wanajua habari za oili yako.

Tone la Februari nililinusa. La Machi nikalinusa pia, nikapitisha kidole, halikuwa na petroli, nikasema safi. Lakini halikuishia hapo, na sitakuficha tena. Mama yako Mkubwa aliichukua karatasi akaenda nayo dirishani, akaniambia kuna vitu vinameta humu. Nikamwambia ni mwanga wa dirisha. Akarudia, vinameta, baba. Nikamfokea kwamba yeye miaka yote hii oili ameijua kwenye kufua nguo zangu tu. Akaweka karatasi mezani. Tangu simu ya dukani ije hajanikumbusha neno lile hata siku moja, ananipa chai, ananielekeza mlango, na ndicho kinachonimaliza.

Unataka kujua kwa nini? Kwa sababu baba yako alipofariki ulikuja kwangu ukiwa na miaka sita, na kitu nilichokuwa nacho cha kukupa kilikuwa hicho tu. Nikikuambia macho yamekwisha, utaniandikia nini tena? Nani anamuuliza kipofu habari ya tone? Nilitaka barua ziendelee kuja. Kwa ajili ya barua nimemweka mwanangu ukutani.

Siku anaondoka kufuata mbio za magari, aliaga mlangoni mwa gereji. Nilimwambia ukivunjika huko, uvunjikie huko huko, usiniletee hapa. Wewe hukuwepo, nadhani hajakusimulia. Sikumpa hata mkono, nilijidai una grisi.

Mama yako Mkubwa alifunga mzigo siku ile ile ya simu. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilisema tungoje barua kwanza. Sikuwa na uso wa kuja.

Mwanangu yuko vipi? Niambie kila kitu, usipunguze.

Baba yako Mkubwa


6 Mei

Baba Mkubwa, shikamoo. Mama Mkubwa, shikamoo, najua ni wewe unayesoma. Kaa kwanza. Kaeni wote wawili.

Barua yako ilinifikia Jumatatu, siku ambayo wamemkata mguu. Ulitunga usaha, dawa zikashindwa, wakakata juu ya goti. Niliisoma pale kwenye benchi yeye akiwa ndani. Nikaichana. Halafu nikapiga magoti nikaokota vipande vyote, nesi akanisaidia akidhani ni hati za hospitali.

Nilikuwa na hasira na wewe, sitaficha. Bado ninayo. Nikifika mwisho wa hasira hiyo namkuta mtu mwingine amesimama pale, na ni mimi. Wewe hukuwa na macho. Mimi nilikuwa nayo.

Jumatano Mbishi aliniuliza kama nilijua. Nikamwambia nilijua. Nikamsomea barua zote, zako na nakala za zangu, hata ile niliyoigundisha kwa gundi. Nilipofika kwenye mzaha wako wa Daktari wa Meno na ganzi alitabasamu kidogo. Nilipofika pale pa mlangoni mwa gereji akageukia ukuta. Akasema akiwa amegeukia huko huko, "Mwambie mzee nimetii. Nimevunjikia huku huku."

Tangu hapo hajasema nami neno. Chakula anapokea kwa nesi. Nikiingia anafumba macho, nikitoka nasikia anaomba maji. Siku ya tano leo. Nakaa nje ya mlango kwa sababu sina mahali pengine pa kuwa.

Daktari wa Meno alikuja na maua, akasimama pale kitandani hajui aweke wapi mikono. Hakunifukuza. Alisema tu hataki kuliona tena lile gari. Bora angenifukuza. Nilikwenda peke yangu nikaifungua injini, nilitaka nione kwa mikono yangu nilichofanya. Beringi ya silinda ya sita imeliwa imekuwa nyembamba kama kopo la maziwa. Bakuli la chini ni pana, tupu, halina kizuizi hata kimoja. Wiki mbili, Baba Mkubwa. Ulisema wiki mbili na mabati.

Beringi nimeiweka humu kwenye bahasha, ndani ya kitambaa. Huhitaji macho. Ishike.

Nimeishiwa. Sijui niamke kesho nifanye nini.

Spana


17 Mei

Binti yangu,

Barua hii anakuletea dereva wa basi mkononi, nilimtengenezea gia mwaka juzi na hajasahau.

Mama yako Mkubwa amenisomea. Alipofika pale pa mguu sikusikia. Nikamwambia rudia. Akarudia, sikusikia. Akarudia mara ya tatu, akipiga kelele, wamemkata mguu, wamemkata mguu, mpaka mama wa duka la dawa akaja mbio. Mara tatu, Spana. Mama mzazi. Halafu akakunja barua akaimalizia baadaye, kwa sauti ile ile.

Beringi nimeishika. Nimelala nayo mkononi. Ina mkwaruzo mmoja mrefu upande wa chini, pale ilipokosa oili. Hata mtoto angeusoma.

Wewe usikae nje ya mlango. Ingia. Afumbe macho, wewe kaa humo ndani. Mimi nilibaki nje ya mlango wangu mwenyewe miaka mitatu na unaona nilichopata. Makosa ya kona ni yako, sitakupunguzia, ulijua na hukusema. Lakini nani aliyekufundisha kutosema? Umekulia kwenye nyumba ambayo mtu akiumia anaulizia habari za paka.

Tunakuja. Basi la Alhamisi ijayo, tarehe ishirini na nne. Mama yako Mkubwa ataniongoza na mguu wake huo, tutafika kama ajali nyingine. Nikitoka huko wanipasue haya macho, nimeshakubali, lakini sitaki kungoja kupona ndipo nije.

Nina ombi moja. Nikifika sitauona uso wake, na akinong'ona sitamsikia. Sitajua kama amenisamehe au ananitukana. Kwa hiyo nipeleke mpaka kitandani, uchukue mkono wangu uuweke juu ya mkono wake, halafu utuache. Kama hanitaki, asihangaike kusema, auondoe mkono wake tu. Hilo nitalielewa, na nitarudi na basi la jioni.

Msomee hivi hivi nilivyoandika. Mwambie anayeandika ni baba yake, na jina la Mbishi nilimpa mimi siku ya pili ya maisha yake, kwa sababu alikataa kunyonya mpaka alipojisikia mwenyewe. Nilijivuna mtaa mzima.

Baba yenu


21 Mei

Shikamoo Baba Mkubwa, shikamoo Mama Mkubwa,

Namkabidhi dereva wa basi barua hii ili muipate kabla hamjapanda. Ukumbi wa wodi uko chini, hakuna ngazi, Mama Mkubwa asihofu. Wageni wanaruhusiwa saa kumi. Nitakuwa kituoni tangu saa nane.

Niliingia, kama ulivyosema. Nikavuta kiti nikakaa. Alifumba macho. Nikamsomea barua yako mpaka mwisho, hivi hivi ulivyoandika, na habari ya mkono, na habari ya basi la jioni. Safari hii hakugeukia ukuta. Nilikaa naye mpaka wakazima taa, nikalala kwenye kiti.

Asubuhi hii nimeamka nimemkuta ananitazama. Ndevu zimemjaa tangu Aprili, hakutaka mtu amguse. Akaniambia nimtafutie wembe na maji ya moto.

Nimemnyoa. Nilimkata kidogo chini ya kidevu, na hakubishana. Nilipomaliza akajipapasa mashavu yote mawili, polepole, akakuta nimeacha mahali karibu na sikio.

"Rudia hapa, Dada," akasema. "Mzee atanishika uso."

Spana